Mpeni Mirambo msimu wa giza

Kwa misimu minne mashujaa wa tamthilia ya Kimarekani Agents of S.H.I.E.L.D. walikuwa na kazi moja: kuiokoa dunia, kupumua kidogo, kisha kuiokoa tena. Kituo cha ABC kilianza kuirusha Septemba 2013, ikiwa tawi la televisheni la zile sinema kubwa za Marvel, na watazamaji waliizoea kwa mwendo huo. Msimu wa tano ulipofunguliwa tarehe 1 Desemba 2017, waandishi waliwatwaa mashujaa hao wakawatupa mwaka 2091, katika dunia iliyokwisha kupasuka vipande. Safari hii walikuwa wamechelewa.

Binadamu waliosalia wanaishi ndani ya handaki lililochimbwa mwambani, katika kipande cha sayari kinachoelea gizani. Anayewatawala ni Kasius, mtu wa taifa la Kree kutoka mbali angani. Kila mtu amepachikwa kifaa mkononi, karibu na kiganja, chenye kumtambulisha na kuhesabu alichonacho. Uhai unatolewa kwa kibali. Vijana wanaochipuza nguvu za ajabu hufundishwa kupigana, huonyeshwa mbele ya wageni matajiri waliosafiri kuja kuwatazama, kisha hunadiwa. Jemma Simmons, mwanasayansi ambaye watazamaji walimpenda kwa maneno yake mengi, anafanywa mtumishi wa ndani. Masikio yake yanazibwa kwa kitu kama zebaki, asisikie sauti nyingine isipokuwa ile ambayo bwana wake anataka aisikie. Na wakazi wa handaki wana imani moja kuhusu siku dunia ilipopasuka. Wanaamini aliyeipasua ni Daisy Johnson, yule yule binti tuliyemshangilia tangu sehemu ya kwanza.

Nausifu msimu huo bila kusita. Tamthilia iliyokwisha kupata watu wake ina kila sababu ya kuwarudishia chakula walichokizoea, na nyingi hufanya hivyo mpaka zinakufa. Hii ilithubutu kuugeuza moyo wake. Ujasiri wake haukuwa katika vyombo vya angani wala madubwana yanayozurura juu ya mwamba. Ulikuwa katika kumweka shujaa kizimbani mbele ya watu ambao ushujaa wake haukuwafaa kitu. Mwishoni tunajua kwamba aliyepasua dunia ni Jenerali Talbot, mtu wa upande wao wenyewe, aliyejitwika nguvu zisizobebeka kwa sababu alitaka naye awe mwokozi. Hapo ndipo hadithi za watu wenye nguvu za ajabu zinapoacha kuwa mchezo wa watoto.

Naandika haya kwa ajili ya Tabora.

Watengenezaji wa tamthilia ile walihitaji kompyuta na mafundi wengi ili mtazamaji aone binadamu akipangiwa bei. Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara unapita juu ya ardhi ambako jambo hilo lilifanyika mchana, na waliolifanya wana majina na wajukuu. Hapa ndipo ilipopita njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, pori la Mgunda Mkali, Tura, Unyanyembe, kisha Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali palipoitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi wamekwisha kujenga matembe, bustani na maghala. Watu walibadilishwa kwa vitambaa, bunduki na shanga. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hii UNESCO katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Tembe la Kwihara limetunzwa kama makumbusho, na linaitwa kwa jina la Livingstone, mgeni aliyekaa humo miezi sita ya mwaka 1872. Sina ugomvi na jina hilo. Ila waliopita mbele ya mlango ule wakiwa na makongwa shingoni hawana hata kibao. Hadithi yao haijapata msimu wake.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua jinsi tulivyofundishwa kuwatazama mashujaa. Mtafsiri kama Lufufu alizungumza juu ya sauti za Wamarekani na Wachina mpaka ukadhani filamu ilichezwa Tandale, na sheria ilikuwa moja isiyokatiwa rufaa: steringi hafi. Anapigwa, anaburuzwa, anatupwa shimoni, lakini dakika ya mwisho atasimama, na atakayelala ni adui. Kwa sheria hiyo tukatazama filamu, na kwa sheria hiyo hiyo tukasoma historia. Kitabu cha shule kilipotuletea Mirambo, tulimpokea kama steringi. Waarabu upande huu, yeye upande ule. Akashinda, tukashangilia, kengele ikalia.

Lakini ngano za wazee wa huku hazikuwa nyepesi namna hiyo. Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi, wana ngano ya dubwana Shing'weng'we lililowameza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, akazaa mtoto aliyeitwa Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza ndugu zake wako wapi, akaenda kumtafuta dubwana, akamuua, akampasua tumbo. Watu wakatoka wazima, ng'ombe wakatoka, baba yake akatoka. Msimulizi angeweza kuishia hapo na watoto wakaenda kulala. Haishii hapo. Katika kupasua, kisu cha Masala Kulangwa kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa mle tumboni. Bibi akakasirika, akataka kumdhuru kwa uchawi, na kijana akalazimika kutafuta dawa ya kumponya kwanza, ndipo akakubalika na kutawala.

Sikio hilo ni mzigo wa makusudi. Mtunzi wa kale, ambaye hatumjui, alijua kwamba mkono unaookoa una kisu, na kwamba kati ya waliookolewa yupo atakayetoka na jeraha lililotoka kwa mwokozi wake. Hakumnyamazisha yule bibi. Hakumwita mtu asiye na shukrani. Alimpa haki ya kudai, na akamfanya shujaa awe mganga kabla hajawa mtemi. Kwa hiyo atakayesema kwamba hadithi ya shujaa yenye giza ni tabia ya kigeni tunayoiga, namwelekeza kwa bibi huyo.

Turudi kwa Mirambo, maana yeye ndiye tuliyemfungia katika msimu wa kwanza.

Alizaliwa karibu mwaka 1840 katika nyumba ya utawala ya Uyowa, himaya ndogo magharibi ya Tabora. Inasimuliwa kwamba ujanani alitekwa na Wangoni waliokuwa wamepanda kutoka kusini, akajifunza kwao namna ya kupigana. Aliunganisha Uyowa na Ulyankulu, akajenga makao yake Iselamagazi huko Urambo, na kutoka hapo akaweka mkono wake juu ya barabara za pembe. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakaenda kumpiga, na pamoja nao akaenda Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Walifika Wilyankuru, wakateka, wakapora, na walipokuwa wakirudi wamelemewa na pembe na watumwa, Mirambo akawaotea njiani. Siku chache baadaye aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, aliuawa, na sehemu ya mji ikateketea. Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili afike Ujiji. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley huyo huyo alichanjiana naye damu ya undugu, na akamfananisha na Napoleon.

Hadithi kubwa kabisa, tena ya kweli. Mwaka 1966 J. B. Kabeya aliandika kitabu cha Kiswahili juu yake, na neno shujaa limo katika jina la kitabu. Taifa changa lilihitaji hivyo. Lilitoka kuambiwa kwamba halikuwa na wafalme, likajibu kwa kuwataja. Leo kambi ya jeshi mjini Tabora ina jina lake, na sitaki liondolewe.

Ninachotaka ni kuwasikia watu wa Wilyankuru. Siku ile walivamiwa na jeshi la Tabora kwa sababu walikuwa watu wa Mirambo. Katika vijiji vingine watu walivamiwa na jeshi la Mirambo kwa sababu walikuwa watu wa mwingine. Nguvu yake ilikuwa rugaruga: vijana waliong'olewa makwao, mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani, watu ambao ukoo haukuwadai tena. Aliwapa bunduki, akawapa ngawira, akawapa jina la kuogopwa. Wasafiri waliowaona waliandika juu ya mikufu ya meno ya binadamu. Ngawira hiyo ilikuwa mifugo na pembe, na ilikuwa pia wanawake na watoto waliogawanywa. Kusini, katika Ukimbu, Nyungu ya Mawe alijenga dola yake kwa vijana wa aina hiyo hiyo. Wote wawili walikufa mwaka 1884. Dola ya Mirambo ilisambaratika katika miaka michache. Ya Nyungu ilishikwa na binti yake, Mugalula, ambaye katika shule nyingi za nchi hii jina lake halijawahi kutamkwa darasani.

Nani alikuwa rugaruga? Swali hili ndilo lingeniweka macho usiku kama ningekuwa mwandishi wa tamthilia. Kijana wa miaka kumi na sita ambaye jana alikuwa na kongwa, leo ana gobori na kijiji mbele yake. Steringi kwa nyimbo za wenzake, adui kwa mama anayekimbilia porini na mtoto mgongoni. Huyu hawezi kuingia katika msimu wa mwanga, kwa sababu hapo kila mtu amekwisha kupewa upande.

Halafu kuna wapagazi, fahari ya Unyamwezi. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walibeba frasila mbili mabegani, kilo thelathini na zaidi, wakiongozwa na kirangozi wao, na kijana ambaye hajawahi kwenda pwani alionekana bado hajakomaa. Nawaheshimu sana. Bila miguu yao hakuna Burton, hakuna Stanley, hakuna biashara ya Zanzibar. Lakini sehemu ya ujira ule ilinunua watumwa, na watumwa hao ndio waliolima mashamba ya nyumbani mume alipokuwa safarini. Mtu aliyebeba mzigo kwa hiari alirudi kuwa mmiliki wa mtu aliyebebeshwa. Mambo hayo mawili yaliishi katika tembe moja na kula ugali mmoja.

Na mnunuzi? Katika tamthilia ya Marekani wanunuzi wanakuja kwa vyombo vya angani, wanakaa, wanapandisha bei mbele ya kamera. Kwetu mnunuzi wa mwisho hakuonekana kabisa. Wafadhili wa Zanzibar, kama Taria Topan, walitoa mali kwa mkopo; mwenye msafara akaibeba hadi bara; huko ikageuka pembe; pembe zikarudi pwani kulipa deni; deni jipya likafunguliwa. Pembe nyingi za Zanzibar zilivuka bahari hadi jimbo la Connecticut, kwenye viwanda vya miji midogo ya Deep River na Ivoryton, zikachanwa vipande vyembamba vya kuvika vibao vya piano. Kilichokuja upande wetu kilikuwa bunduki, baruti, shanga, nyaya za shaba, na kitambaa kigumu kisichopaushwa kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambacho babu zetu waliita merikani. Kabla ya vita vyao vya 1861, pamba ya Marekani ililimwa na watumwa wa kusini. Fikiri juu ya mduara huo: jasho la mtumwa wa Mississippi linavaliwa Unyanyembe, ili pembe ya Unyanyembe ipigwe muziki na binti wa Boston ambaye hajawahi kusikia jina la Tabora.

Hakuna mtunzi wa hadithi za kisayansi aliyebuni himaya ya angani yenye mikono mirefu kuliko hiyo. Himaya isiyokuwa na kiti cha enzi, isiyotuma askari, ambayo raia wake walio wema kabisa, wanaokwenda kanisani na kulea watoto vizuri, ndio wanaofanya kijiji kiungue mbali nao bila kujua. Hapo ndipo hadithi ya kisayansi inapotufaa. Ina uwezo wa kuonyesha mfumo. Filamu ya kihistoria inapenda uso wa mtu mbaya, ndevu zake na kiboko chake, na mtazamaji akitoka nje anadhani ubaya ulikufa pamoja na mtu huyo.

Ndiyo maana siombi tu filamu ya kihistoria ya Mirambo, ingawa ikija nitakuwa wa kwanza kukata tiketi. Naomba tamthilia ya njia ya kati iliyowekwa mbele ya wakati wetu. Kuna sababu nyingine, na hii inahusu amani ya mji. Tabora ya leo ni Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wamanyema, Waarabu na wengine waliooana, waliozikana, wanaosali katika misikiti na makanisa yale yale. Ukiweka mwaka 1871 kwenye skrini, kila familia itamtafuta babu yake na kuuliza kwa nini amefanywa hivyo. Hofu hiyo naielewa, na imewafanya watu wengi wenye vipaji wanyamaze. Weka mwaka 2091, na hakuna babu wa mtu. Kinachobaki ni tendo lenyewe: huyu ananunua, huyu anauzwa, huyu anafunga macho kwa sababu ana watoto wa kulisha. Mtazamaji atalitambua tendo kabla hajauliza kabila.

Njia hii si ngeni katika Kiswahili. Shaaban Robert, mwaka 1951, alipotaka kusema juu ya utawala usiosikiliza, alijenga nchi inayoelea angani akaiita Kusadikika. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpakia mtu aliyehukumiwa kifo katika chombo na kumrusha hadi sayari nyingine. Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika zisizozidi 25 juu ya Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambako watu hunywa jasho lao lililochujwa na ndoto huzimwa kwa vidonge. Haikuhitaji utajiri wa Hollywood. Ilihitaji mwanamke mmoja aliyejua anachotaka kusema.

Kuna jambo linaniuma hapa. Tarehe 5 Julai 2023 Disney+ ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za uhuishaji juu ya Afrika ya baadaye, ukiitwa Kizazi Moto. Jina la Kiswahili kabisa, na mojawapo ya filamu zile inaitwa Hatima. Watunzi walitoka Afrika Kusini, Zimbabwe, Nigeria, Misri, Kenya na Uganda. Ng'endo Mukii wa Kenya yumo, Raymond Malinga wa Uganda yumo na wachunga ng'ombe wake wa zama zijazo. Mtanzania hayumo. Tumewapa wenzetu lugha, wao wakaleta hadithi.

Hatukosi watu. Nchi iliyotengeneza tamthilia za Huba na Jua Kali na kupata watazamaji kila wiki ina waigizaji, wapiga picha na waandishi wa mazungumzo. Tunachokosa ni mwenye fedha wa kuthubutu. Tamthilia zetu zimekaa sebuleni mno: mirathi, mama mkwe, mimba ya siri, tajiri na mfanyakazi wa ndani. Nazipenda nyingi, na baadhi zimeandikwa kwa ustadi wa kweli. Lakini zinafanana na misimu minne ile ya kwanza. Jumapili hii mtu anaokolewa, Jumapili ijayo anapotea, ataokolewa tena.

Giza la kuandikia limekwisha kuingia sebuleni bila kubisha hodi. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilifungia makumi ya programu za mikopo ya mtandaoni zilizofanya kazi bila leseni. Kila mtu mjini anajua zilivyokuwa. Mama anapakua programu akope fedha ya ada, programu inasoma orodha ya namba zote katika simu yake, na siku akichelewa, ujumbe wa kumwaibisha unakwenda kwa mwajiri, kwa mchungaji, kwa shemeji. Watu wameipa jina linalostahili: mikopo ya kausha damu. Zamani za misafara, njaa ilipobana, ndugu aliwekwa rehani nyumbani kwa mwenye nafaka, na rehani ile mara nyingi iligeuka utumwa. Leo rehani ni jina lako na heshima yako. Nikiona kile kifaa cha mkononi katika handaki la mwaka 2091, chenye kuhesabu thamani ya mtu na kumripoti, sihitaji kufafanuliwa.

Mwandishi wa tamthilia ninayoiota ana vyote hivi mkononi. Ana miombo inayokauka na wafuga nyuki wanaozidi kwenda mbali. Ana reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikipita karibu na nyayo za misafara, na ile mpya ya umeme inayojengwa. Ana madini ya Congo yanayotamaniwa na dunia kwa ajili ya simu na betri, upande ule ule wa ziwa ambako pembe zilitoka. Ana Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoibomoa ngome yake, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani ili asitekwe, akavunja kabisa sheria ya kibanda umiza. Ana Mugalula.

Na ana Adrien Atiman. Huyu namtaja mwisho kwa sababu ndiye ningempa nafasi ya kwanza. Alizaliwa karibu 1866 katika nchi za mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria. Walimpeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, baada ya kusafiri kutoka pwani ya bahari kuelekea bara, wakati misafara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma. Akakaa hapo akitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 ya kazi. Mtoto aliyepangiwa bei upande mmoja wa bara alikuja kufunga vidonda upande mwingine. Hana mbawa wala ngao, lakini ana ile sifa ambayo mtunzi wa Masala Kulangwa aliidai kwa shujaa: alijua dawa.

Mtu asiniambie kwamba mambo haya ni ya kale mno kuwagusa vijana. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini bara, Wajerumani waliondoka bila kuufuta utumwa. Sheria iliyoufuta Tanganyika ilipitishwa na Waingereza mwaka 1922, mwaka aliozaliwa Julius Nyerere, ambaye baadaye alikuja kusoma Tabora. Wapo wazee wanaoishi leo ambao mama zao walizaliwa wakiwa mali ya mtu.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya televisheni, wenye majukwaa ya mtandaoni na wenye mifuko ya kusaidia sanaa. Mtafuteni kijana wa Tabora, Urambo, Sikonge au Ujiji anayejua kuandika. Mpeni msimu mmoja wa sehemu kumi, muda wa kutosha wa kuandika, na mhariri asiyeogopa. Arekodi katika miombo, kwa Kiswahili, na pale mhusika anapoumia aseme Kinyamwezi. Msimlazimishe amfanye Mirambo atabasamu mwishoni. Na katika sehemu ya kwanza kabisa, kabla shujaa hajasema neno, mwacheni yule bibi mwenye sikio lililokatwa azungumze.